Simbilisi dume na jike nyumba moja: umhasi dume, umtoe jike kizazi, au uwatenge?

Simbilisi jike hutaka dume tena saa chache tu baada ya kuzaa. Mimba yake hukaa siku 59 hadi 72, kwa hivyo dume akiachwa naye wakati wa uzazi anaweza kumpa mimba nyingine siku hiyohiyo, na mama mmoja akazaa hata mara tano kwa mwaka. Ndivyo wawili walionunuliwa kuwafurahisha watoto wanavyokuwa wanane, kisha kumi na watano, kizimba cha barazani kikajaa, na majirani wote mtaani wakawa wamekwisha kugawiwa.

Hapo ndipo wafugaji wengi wa Mombasa wanapokwama kati ya njia tatu: kumhasi dume, kumtoa jike kizazi, au kuwatenga bila kisu. Nimeona kila moja ikifaulu na kila moja ikiharibika. Wengi huanza kwa kuuliza bei ya upasuaji. Swali ambalo ningependa waanze nalo ni hili: nani atakuwa nyumbani wiki mbili baada ya upasuaji, akimtazama mnyama asubuhi, mchana na usiku? Simbilisi wengi wanaopotea kwa sababu ya kuhasiwa hawafii mezani kwa daktari. Hufia nyumbani, siku ya tatu au ya kumi, kwa jambo ambalo lingeonekana mapema.

Vipimo

Njia zote nitazipima kwa mambo yaleyale: inazuia nini na inaanza kuzuia lini, hatari ya siku yenyewe, matatizo yanayoweza kufuata, kazi inayobaki mikononi mwako, pamoja na joto letu la pwani, nzi, na stima inayopotea bila taarifa, na gharama. Bei kwa shilingi siitaji kwa sababu hutofautiana mno kutoka kliniki moja hadi nyingine.

Kabla ya kupima lolote, hakikisha jinsia. Wanyama hawa huuzwa wakiwa wadogo, na muuzaji mara nyingi hubahatisha. Ukibonyeza polepole juu kidogo ya tundu la mkojo, uume wa dume hujitokeza. Kwa jike hakitoki kitu, na umbo lake linafanana na herufi Y. Usipokuwa na hakika, daktari atakuonyesha kwa dakika moja. Na ujue kwamba dume mdogo hutolewa kwa mama yake akiwa na wiki tatu, maana muda mfupi baada ya hapo anaweza kumpa mimba mama na hata dada zake.

Jambo linalozigusa njia mbili za kwanza: nusukaputi

Utafiti mkubwa uliofanywa katika kliniki za Uingereza kati ya 2002 na 2004 uliwahesabu wanyama waliokufa ndani ya saa 48 baada ya kupewa dawa ya usingizi. Kwa mbwa ilikuwa asilimia 0.17, kwa paka 0.24, kwa sungura 1.39, na kwa simbilisi 3.80. Ndani ya hesabu hiyo wamo walioletwa wakiwa wagonjwa tayari, kwa hiyo kijana mwenye afya ana matumaini mazuri kuliko takwimu inavyoonyesha. Hata hivyo tofauti kati yake na mbwa ni kubwa, na mtu akikwambia kwamba ni upasuaji wa kawaida kama wa paka, usikubali haraka.

Kiumbe huyu ana mwili mdogo unaopoteza joto upesi akiwa amelala mezani, njia yake ya hewa ni finyu na ni vigumu kupitisha mpira wa kupumulia, na utumbo wake hauvumilii kukaa mtupu. Hilo la utumbo ndilo kipimo changu cha kwanza cha daktari. Mbwa huambiwa alale na njaa usiku kucha kabla ya upasuaji ili asitapike. Simbilisi hana uwezo wa kutapika, na akinyimwa chakula usiku mzima utumbo huanza kusimama hata kabla kisu hakijamgusa. Daktari anayewajua atakwambia aendelee kula nyasi mpaka karibu na wakati wenyewe, kisha yeye atamsafisha mabaki mdomoni.

Muulize pia amewahi kuwapasua simbilisi wangapi, anatumia gesi au sindano peke yake, atampa dawa gani ya maumivu ya kwenda nayo nyumbani, na nani atapokea simu saa nne usiku. Madaktari wengi wa pwani kazi yao kubwa ni ng'ombe, mbuzi, kuku, mbwa na paka. Hilo si kosa lao, na aliye mkweli atakuelekeza kwa mwenzake mwenye uzoefu. Awe amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, kama sheria ya 2011 inavyotaka. Mtu anayehasi mbuzi kijijini kwa koleo, hata awe hodari kiasi gani, usimkabidhi simbilisi.

Njia ya kwanza: kumhasi dume

*Inazuia nini.* Inazuia mimba, lakini si siku hiyo. Mbegu zilizobaki kwenye mirija zinaweza kuzalisha kwa wiki kadhaa, kwa hiyo dume hukaa mbali na majike mpaka wiki 6 zitimie. Katika muda huo mweke kizimba cha pembeni ambapo anawaona na kuwasikia kupitia waya, asije akasononeka kwa upweke. Kwa upande wa tabia, usitarajie mengi: atanguruma vilevile, atawazungukazunguka majike vilevile. Mwenye madume wawili wanaoraruana akiwahasi ili wapatane, mara nyingi atabaki na madume wawili waliohasiwa wanaoraruana.

*Siku yenyewe.* Kati ya upasuaji huu na ule wa jike, huu ndio mfupi na mwepesi. Ugumu wake uko kwenye maumbile. Tundu la kinena, njia inayounganisha tumbo na mfuko wa korodani, kwa simbilisi haifungi maisha yake yote. Korodani hupanda tumboni na kushuka atakavyo. Zikitolewa na njia ile ikaachwa wazi, mafuta ya tumbo au utumbo unaweza kuteremka humo, na hiyo ndiyo ngiri. Kwa hiyo swali jingine kwa daktari: utaifunga njia hiyo vipi?

Wengine hupasua kwenye mfuko wenyewe au mbele yake kidogo, wengine hupitia tumboni. Kidonda cha chini kiko karibu na njia ya haja, mahali penye mafuta na uchafu, na dume akitembea hukiburuza juu ya matandiko yake. Kidonda cha tumboni huwa safi zaidi, ila ni kuingia ndani ya tumbo, na hilo nalo lina uzito wake. Mimi huangalia daktari amezoea ipi. Mkono uliozoea njia moja ni bora kuliko mkono unaojaribu ile iliyosifiwa.

*Matatizo yanayofuata.* Hapa nitakawia, kwa sababu ndipo watu wanapopoteza wanyama wao.

Tatizo linaloongoza ni jipu. Uvimbe mdogo wa siku mbili tatu za mwanzo, laini, ulio sawa pande zote mbili na unaopungua, hautishi. Unaotisha ni ule unaotokea au kukua baada ya hapo, hasa upande mmoja, ukawa mgumu, wa moto, au ukaanza kutoa harufu. Jipu linaweza kujitokeza ndani ya siku kumi za kwanza, na linaweza pia kungoja wiki kadhaa, wakati mwenyewe ameshasahau. Usaha wa simbilisi ni mzito kama jibini, umezungukwa na ngozi yake ngumu, na hautiririki wenyewe. Kwa sababu hiyo dawa peke yake mara nyingi hairuhusu kupona: daktari hulazimika kulifungua, kulikwangua na kuliosha kwa siku kadhaa, au kulitoa zima pamoja na ngozi yake. Ukiambiwa kwamba atahitaji kurudi mezani mara ya pili, usifikiri daktari anatafuta pesa.

Sasa lile ambalo ningetaka kila mwenye simbilisi Mombasa alijue. Usiende duka la dawa ukanunua amoksilini ukampa. Amoksilini, ampisilini, penisilini ya kunywa, klindamaisini na erithromaisini huua bakteria wema wa utumbo wake. Nafasi yao huchukuliwa na bakteria wa jamii ya Clostridium wanaotoa sumu, na mnyama hufa kwa kuhara ndani ya siku chache, kidonda chake kikiwa kinaonekana kupoa. Vidonge hivi vimo karibu katika kila kabati la nyumba, na mtu humpa kwa huruma kabisa. Dawa ambazo madaktari huzitumia kwa usalama zaidi ni kama enrofloksasini au mchanganyiko wa trimethoprimu na salfa, kwa kipimo cha uzito wake. Hata daktari akikuandikia, muulize kwa adabu: dawa hii inamfaa simbilisi? Daktari mwema hachukii swali hilo.

Ngiri huonekana kama uvimbe laini unaokua na kupungua, wakati mwingine ukisukumwa unarudi ndani. Ukigeuka mgumu, ukauma, na mnyama akaacha kula, hapo utumbo umebanwa, na hakuna kungoja asubuhi. Damu kuvilia kwenye mfuko huleta uvimbe wa rangi ya zambarau siku ya kwanza. Mingi hunywea, ila daktari auone. Kung'ata nyuzi hutokea zaidi kwa asiyepewa dawa ya kutosha ya maumivu. Kola ya plastiki ya kuzuia kung'ata, inayomsaidia mbwa, simbilisi humtia kiwewe na kumzuia kula kile kinyesi chake laini anachokihitaji kwa lishe.

Kisha kuna utumbo kusimama, ambao huja kimya. Akitoka hospitali hajala kitu kwa saa kadhaa, kinyesi kimekuwa kidogo na kidogo zaidi kwa umbo, amejikunyata manyoya yamesimama, anasaga meno: huo ni ugonjwa, wala hajachoka tu na safari. Simbilisi asiyekula kwa saa 12 ni wa dharura.

La mwisho ni funza. Nzi wetu hawachagui msimu, na kidonda chenye unyevu karibu na mkojo huwaita. Nzi akitaga leo, kesho funza wako ndani ya nyama.

*Kazi ya nyumbani.* Ondoa maranda ya mbao na vumbi lake, maana hushika kwenye mshono. Tandika taulo kuukuu au shuka la pamba juu ya magazeti, ubadilishe mara mbili kwa siku na kila linapolowa. Funika kizimba kwa chandarua kile cha watoto wachanga kinachofunguka kama mwavuli. Hakuna kifaa cha bei nafuu kinachonipendeza kuliko hicho kwa ajili ya nzi. Mtazame tumbo asubuhi na jioni penye mwanga. Usimwagie kidonda spiriti wala dawa ya kusafishia sakafu.

Mpime kila siku kwa mizani ya jikoni, saa ileile. Dume mzima huwa gramu 900 hadi 1,200. Akipoteza sehemu moja ya kumi ya uzito wake, rudi kwa daktari hata kama kidonda kinang'aa. Mizani huona kabla ya jicho.

Asipokula, loweka punje za chakula chake katika maji ya uvuguvugu mpaka ziwe uji, umlishe kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kidogokidogo kutoka pembeni mwa mdomo, kila baada ya saa mbili au tatu, mchana na usiku. Usimlaze chali, atapaliwa. Na vitamini C isikosekane: kama sisi, mwili wake hauwezi kuitengeneza, na bila hiyo kidonda hakifungi vizuri. Hitaji lake la kila siku ni miligramu 10 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito, na anayepona huhitaji upande wa juu. Pilipili hoho za Kongowea, dania, sukuma wiki kwa kiasi na kipande kidogo cha pera humtosheleza. Chakula cha sungura cha punje kinachouzwa maduka ya agroveti hakitegemewi kwa vitamini hiyo. Kuitia kwenye maji ya kunywa nako hakufai sana, kwani katika joto huharibika upesi.

Joto lenyewe ni mgonjwa wa pili ndani ya nyumba. Simbilisi asili yake ni milima ya Andes, na hustarehe kati ya nyuzi 18 na 24. Ikipita 27 au 28 huanza kuhema, na Mombasa kati ya Januari na Machi mchana hufika 32 au 33. Upasuaji usio wa dharura ningeupanga wakati wa kusi, Juni hadi Septemba, hewa ikiwa imepoa. Safari ya kliniki iwe alfajiri. Anayetoka Likoni ahesabu foleni ya feri, na ndani ya tuktuk aweke chupa ya maji yaliyoganda, iliyofungwa kitambaa, upande mmoja wa boksi ili mnyama achague kuisogelea au kuikimbia. Lakini saa za kwanza baada ya nusukaputi mambo hugeuka: mwili wake umepoa, na kumweka mbele ya feni au kiyoyozi ni kumdhuru. Apate uvuguvugu mpaka atembee na kula.

*Gharama.* Ni nafuu kuliko ya jike. Ila bajeti iwe na akiba ya kurudi, kwa sababu jipu moja linaweza kugharimu kama upasuaji wa kwanza.

*Inamfaa nani.* Mwenye dume mmoja kijana, mzima, mwenye mwili, pamoja na jike mmoja au zaidi anaotaka waishi naye. Na mwenye mtu wa kushinda nyumbani. Dume mzee, au mwenye kikohozi au mafua, au aliyekonda, kwake mizani inaelemea upande wa kutompasua.

Njia ya pili: kumtoa jike kizazi

*Inazuia nini.* Mimba, mara moja. Na jambo ambalo kumhasi dume hakuligusi kamwe: vifuko vya maji kwenye ovari, maradhi ya kawaida sana kwa majike waliopita mwaka mmoja na nusu. Dalili zake ni manyoya kunyonyoka mbavuni pande zote mbili kwa usawa, tumbo kujaa kama pea, chuchu kuota magamba, na ukali usio wa kawaida. Ovari zikitolewa, hayo hayaji.

*Siku yenyewe.* Ni upasuaji mkubwa zaidi. Ovari zimejificha juu karibu na figo, utumbo mpana umejaa njiani, na muda wa kulala mezani huwa mrefu. Baadhi ya madaktari hutoa ovari peke yake kupitia ubavuni, kwa tundu dogo kila upande, bila kuusumbua utumbo sana. Wengine hufungua katikati ya tumbo watoe kizazi kizima. Kwa jike mwenye kizazi kizima na chenye afya, njia ya ubavuni haimchoshi sana. Kizazi kikiwa na ugonjwa, huna budi kukitoa.

*Matatizo yanayofuata.* Majipu ni nadra kuliko kwa dume, kwa kuwa kidonda kiko mbali na uchafu, hasa cha ubavuni. Utumbo kusimama ndio adui mkuu, kwani tumbo limeguswa na maumivu ni makubwa. Damu kuvuja ndani haionekani kwa nje: fizi zikiwa nyeupe na mnyama baridi na mlegevu, mbio kwa daktari. Mshono wa tumboni unaweza kuachia. Onyo la amoksilini ni lilelile.

*Kazi ya nyumbani.* Taulo, chandarua, mizani, bomba la sindano, vyote vilevile, ila uwe tayari zaidi kumlisha kwa mkono siku tatu za mwanzo. Mtenge na mwenzake akiwa mchangamfu mno, lakini wasipoteane macho.

*Gharama.* Juu zaidi, na daktari mwenye uzoefu huo ni adimu kumpata. Wapo watakaokushauri kwenda Nairobi. Safari hiyo ndefu yenyewe ni mzigo kwa mnyama, kwa hiyo ipime.

*Inamfaa nani.* Jike ambaye tayari ameonyesha dalili za ovari, au kijana mwenye afya ambaye daktari wake ana mkono wa kazi hiyo. Kwa lengo la kuzuia mimba peke yake, wakati yuko dume kijana anayeweza kuhasiwa, sioni sababu ya kuanza na jike.

Njia ya tatu: kuwatenga

*Inazuia nini.* Mimba, kuanzia dakika unapofunga mlango, kwa sharti kwamba mlango haufunguliwi. Mtoto mmoja akiwachanganya kwa alasiri moja, hesabu imeharibika. Hata hivyo, kama walikuwa pamoja, jike anaweza kuwa na mimba tayari, basi mtunze hivyo kwa siku 72.

*Siku yenyewe.* Hakuna nusukaputi wala kisu. Ni faida kubwa, na kwa mnyama dhaifu huenda ikatosha kumaliza mjadala.

*Matatizo yanayofuata.* Upweke. Simbilisi ni wa ukoo na kundi. Uswisi iliandika katika kanuni zake za 2008 kwamba asifugwe peke yake. Kumtenga kwa haki ni kumpa kila mmoja mwenza wa jinsia yake: majike kwa majike, ambao kwa kawaida hupatana, na dume kwa dume mmoja. Madume wawili waliokua pamoja, wenye nafasi kubwa, vibanda viwili, mabakuli mawili, na bila harufu ya jike karibu, huishi kwa amani miaka. Watatu hugombana. Na wawili hao ukiwaweka chumba kimoja na majike, ndugu hugeuka maadui, na majeraha ya kung'atana huleta majipu yaleyale uliyokuwa ukiyakimbia kwa daktari.

*Kazi ya nyumbani.* Haiishi baada ya wiki mbili. Inadumu umri wao wote, miaka mitano hadi minane: vizimba viwili vya kusafisha, nyasi maradufu, na sehemu mbili zenye ubaridi wakati wa kaskazi. Wawili wanahitaji angalau eneo la sentimita 120 kwa 60, na madume zaidi ya hapo. Katika nyumba ya vyumba viwili Majengo au ghorofa ya Tudor, hilo si jambo dogo. Wakati wa masika nyasi kavu huota ukungu, na kuzihifadhi kwa vizimba viwili kunataka pipa linalofunga.

*Gharama.* Mwanzo ni mbao, waya na fundi. Baadaye ni chakula, kidogokidogo, mwezi hadi mwezi.

*Inamfaa nani.* Mwenye nafasi na nidhamu, mwenye wanyama wazee au dhaifu, na aliye mbali na daktari anayewajua simbilisi. Haimfai mwenye dume mmoja na jike mmoja tu, asiyekusudia kuongeza wenza, kwa sababu hapo unapata wapweke wawili.

Uchague vipi, kwa hali yako

Kama una dume mmoja kijana na majike wawili au zaidi, na umempata daktari aliyejibu maswali yale bila kusita, kumhasi dume huleta maisha mazuri kwa kundi zima. Panga wakati wa kusi, na kwa wiki mbili asiwepo wa kusafiri.

Kama kila mtu nyumbani huondoka alfajiri na kurudi magharibi, ahirisha. Watenge kwa waya mpaka likizo, au mpaka shangazi au binamu akubali kuja kukaa. Kuhasi kunangoja, jipu halingoji.

Kama jike wako amepita miezi saba na hajawahi kuzaa, mtenge na dume leo, hata kabla ya kuamua lolote jingine. Mifupa ya nyonga yake huenda isifunguke tena vya kutosha, na uzazi wa kwanza katika umri huo unaweza kumuua pamoja na watoto wake. Wale wanaotaka azae mara moja tu watoto waone, wakumbuke hili.

Kama jike ananyonyoka mbavuni na tumbo linakua bila mimba, njia ya pili imeshakuchagua wewe. Mpeleke apimwe, na uulize pia kuhusu sindano za homoni kwa wale wasioweza kupasuliwa.

Kama una madume wawili pekee, wasiogombana, usiwaguse. Wakigombana, ongeza nafasi kwanza, ondoa harufu ya majike, kisha watenganishe kwa waya wakiendelea kuonana. Kumhasi mmoja huwa na maana endapo unampa jike wa kuishi naye.

Na kama umeshamhasi na unasoma haya kwa sababu umeona uvimbe: mpime uzito sasa, andika, na umpige picha mahali hapo karibu na sarafu ya shilingi ishirini ili ukubwa ujulikane. Hesabu kinyesi cha usiku. Akiwa anakula na uvimbe ni laini, wa siku mbili za kwanza, mpigie daktari simu asubuhi umtumie picha, kisha piga nyingine jioni ulinganishe. Uvimbe ukiwa mgumu, wa moto, wa upande mmoja, au siku ya nne imepita, nenda leo. Akiwa hali, au fizi ni nyeupe, au unaona kitu kinachotambaa kwenye kidonda, mweke ndani ya boksi juu ya taulo safi pamoja na nyasi na pilipili hoho, mpigie daktari ukiwa njiani, na majina ya dawa zote alizokwisha kupewa yawe mkononi.